Kamusi ya Mama Mukubwa

Tulipomzika Mama Mukubwa, wanawake wa kikundi chake cha maombi waliimba, wakalia, kisha wakaanza kunena kwa lugha, kila mmoja na yake. Nilisimama kando ya kaburi nimetega sikio, kama mtu aliye ugenini anayesikia watu wakiongea sokoni na kungojea japo neno moja la kwao. Halikutokea. Hakuna aliyesema tindaraba, hakuna aliyesema shandolo. Nikaondoka pale nikijua kwamba duniani kuna lugha inayosemwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi, mama wa watoto wanne mwenye magoti mabovu, na sina wa kumweleza asinicheke.

Basi mnicheke, mmeruhusiwa. Nyumbani kwake bado kulikuwa na mihogo aliyoiloweka mwenyewe kabla hajaugua, na harufu yake kali, ile inayokaa kwenye nguo hata ukifua mara tatu, ilijaa hadi barazani. Nilikaa katikati ya harufu hiyo siku tatu za matanga, watu wakinipa pole kwa Kiswahili, nami nikiitikia kwa Kiswahili, na moyoni nikijiona bubu.

Nilikuwa na miaka minane, au tisa, hakuna aliyehesabu vizuri, mama aliponileta Ntoto kutoka kwetu Masisi. Baba alikuwa amekufa. Wajomba na baba wadogo walikaa kikao, na walipoinuka, shamba letu la maharage lilikuwa limekwisha kupata wenyewe. Mama akasema ataenda Hombo kutafuta maisha, kule wanakouza chumvi, sabuni na mawese, na kwamba huko hapeleki mtoto. Tukatembea siku tatu. Yeye mbele na mzigo kichwani, mimi nyuma, kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, kikisugua majani yenye umande: swa, swa, swa. Kwa siku tatu hizo niliona mgongo wake tu, na mpaka leo nikitaka kumkumbuka alivyokuwa wakati ule, unaonijia ni mgongo.

Ntoto alikuwepo dada yake mkubwa, ndiye Mama Mukubwa wangu, aliyeolewa huko zamani, akafiwa na mume, bila mtoto. Mama alilala usiku mmoja tu. Asubuhi akafunga mzigo, nikamshika nguo, nikamwuliza atarudi lini. Akanijibu: "Mungu akisema, nitakuja kukukamata."

Kwetu kukamata ni kuchukua tu, msidhani nilikuwa nimeiba. Sentensi ile niliishika vile vile ilivyosemwa. Hakusema atakuja akipata pesa. Hakusema atakuja mvua zikiisha. Alisema Mungu akisema. Kwa hiyo shauri lote lilikuwa la Mungu, na Mungu alitakiwa jambo moja dogo, afungue mdomo.

Ntoto kulinishinda. Mtoto wa mlimani, aliyezoea baridi na kuona mbali, nikajikuta kwenye joto, miti imesogea mpaka nyuma ya choo, na mvua isiyobisha hodi. Watoto walikuwa na lugha ya kwao iliyofanana na Kihunde changu kiasi cha kunidanganya: nusu ya sentensi naielewa, nusu ya pili wameshaanza kunicheka. Nikisema Kiswahili, wanarudia maneno yangu kwa sauti ya puani na kujifanya wanatetemeka. Waliniita Baridi. "Baridi anapita! Mufunge mulango!" Baada ya wiki chache nikaacha kusema. Ilikuwa rahisi, hakuna aliyenidai maneno.

Na Mama Mukubwa hakuwa mtu wa kunidai. Sijapata kuona mwanamke mwenye choyo cha maneno kama yule. Kwa siku alisema labda mambo kumi, na manane kati ya hayo yalihusu mihogo. Toa mihogo majini. Menya. Anika. Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, tukitazamana, kila mmoja akisikia mwenzake anavyotafuna. Nimekaa peke yangu baadaye katika vyumba vya kupanga, nimeachwa na mwanaume, nimelala hospitali bila mtu wa kunitembelea, lakini ukimya kama ule wa jioni za Ntoto sijaupata tena, na siutamani.

Ila alfajiri alisema! Jogoo hajamaliza, nyuma ya ukuta wa udongo unaotenga chumba chake na mkeka wangu, Mama Mukubwa alifunguka. Alisema kwa haraka, kwa kirefu, akipanda na kushuka, mara anabembeleza, mara kama anagombeza: tindaraba, tindaraba, keremosi boshe, shandolo. Nililala nimetoa macho. Kumbe ana lugha! Kumbe kuna mtu anayeongea naye! Nilimwonea wivu, nasema ukweli.

Siku moja tukimenya mihogo nikajikaza, nikamwuliza ile ya asubuhi ni lugha ya wapi.

"Iko luga ya mbinguni," akasema bila kuinua macho. "Njo ile Mungu anasikia mbio."

Akaendelea kumenya. Hakujua amenipa nini. Mimi nilikuwa nimeomba kwa Kihunde, nikaomba kwa Kiswahili, nikaomba hata ile Baba Yetu ya Kifaransa waliyotufundisha shuleni, na mama haji. Sasa nikapata sababu. Nilikuwa namsemesha Mungu kwa lugha anazozisikia polepole. Dawa ni kujifunza ile ya mbio, kama watu wanavyojifunza Kifaransa, na Kifaransa mimi nilikuwa wa kwanza darasani, kwa kuwa wengine wote walikuwa na watu wa kucheza nao.

Nilichukua kaye yangu, daftari la hesabu, nikaigeuza, nikaanzia nyuma. Kila alfajiri nilitega sikio ukutani na kushika maneno, kisha mchana nikangojea nione yataleta nini. Siku aliyosema tindaraba mara nyingi, mvua ilishuka mchana juu ya mihogo yetu iliyoanikwa. Nikaandika: tindaraba, mvua. Siku ya shandolo walifika wachuuzi kutoka Hombo na mizigo ya chumvi. Nikaandika: shandolo, njia. Keremosi ilileta kuku, zawadi kutoka kwa jirani aliyejifungua salama. Halafu akaitaja keremosi wiki nzima na sisi tukala sombe tupu, ikabidi nirekebishe: keremosi, kuku, hata yule asiyekuja.

Neno lililonitesa ni moresa. Alilisema mwisho wa kila maombi, sauti imeshuka, mara nyingine analia. Nililifuatilia majuma mengi na hakuna kilichotokea baada yake, si mvua, si mgeni, si kuku. Nikawaza, hili basi ni neno la kitu ambacho bado hakijatokea. Na kitu gani hakijatokea? Nikalowesha ncha ya kalamu yangu ya biki kwa ulimi, nikaandika kwa herufi kubwa: MORESA, KURUDI.

Wakati ule mwalimu alikuwa akituimbisha vitenzi vya Kifaransa, je, tu, il, elle, basi na mimi nikaliimbisha neno langu njia nzima ya mtoni: nimoresa, umoresa, amoresa. Yalibaki mapengo mawili. Lugha haikuwa na neno la kukataa. Nilisikiliza sana, nikaona Mama Mukubwa hajamwambia Mungu hapana hata siku moja, basi mahali pa hapana nikatikisa kichwa. Na hakukuwa na neno la mama. Hilo nililitunga mwenyewe. Nikatafuta mama ana sauti gani, nikaikuta moja tu, ile ya kikwembe kwenye majani. Nikaandika: swaswa, mama. Sikufikiri kwamba hiyo ni sauti ya mtu anayetangulia na kukuacha nyuma. Nilifikiri nimepata neno zuri.

Nikaanza kuomba. Kulinda mihogo isiliwe na mbuzi ilikuwa kazi yangu, nami nilikaa juu ya jiwe na kumwambia Mungu kwa sauti: swaswa amoresa, swaswa amoresa shandolo. Nikitazama wingu natikisa kichwa kwa tindaraba, nisije nikamletea mvua njiani. Watoto walinisikia, wakaenda kusema kwao kwamba Baridi anaongea na watu wasioonekana. Wazazi wengine wakaanza kuwaita watoto wao ndani nikipita. Sikujali sana. Nilikuwa na kazi.

Kanisani kwetu kulikuwa na Papa Shemasi, mtu mwembamba aliyependa utaratibu kupita kiasi, angeweza kusimamisha wimbo kwa sababu mbwa ameingia. Siku moja ya maombi, Mama Mukubwa alikuwa amesimama na kunena kama kawaida yake. Papa Shemasi akainua mkono. Akasema Mtume Paulo ameandika wazi kwamba anenaye kwa lugha lazima awepo mwenye kufasiri, na kama hayupo, mtu anyamaze kanisani. Mama anasema lugha kila juma, na hakuna anayejua anasema nini. Je, kuna mfasiri?

Watu wakaangalia chini. Mama Mukubwa akakaa, mikono juu ya magoti, na uso wake ukafungika. Ndipo nikaelewa kwamba wakimnyang'anya hii, atabaki na mihogo tu. Lakini sitajipamba mbele yenu, sikumhurumia yeye tu. Nilijiwaza na mimi. Akinyamazishwa, mimi nitajifunzia kwa nani, na mama yangu ataitwa na nani? Nikasimama.

"Miye naijuwa," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kusikia sauti yangu. Papa Shemasi akaniita mbele, akamwomba Mama Mukubwa arudie. Akarudia, kwa sauti ndogo, macho yameniganda: tindaraba, tindaraba, shandolo, keremosi boshe, moresa. Sikusita hata kidogo, nilikuwa na yote kichwani. Nikasema anamwomba Mungu mvua iache, njia ikauke, mama yangu arudi kutoka Hombo.

"Na kuku," nikaongeza, kwa sababu sikutaka kufasiri kwa kuiba.

Wapo waliocheka, wapo waliosema amina, na mama mmoja aliyekuwa akiwaficha watoto wake nipitapo akaanza kulia. Papa Shemasi, kwa kuwa alipenda utaratibu, akaona neno likishafasiriwa lazima lifikishwe. Wachuuzi waliokuwa wanashuka Hombo juma lile wakapewa ujumbe wa kumpa mama yangu: Mungu amesema. Nilipoyasikia maneno hayo nilitaka kuruka. Ndiyo yale yale aliyoyangojea! Hakubakia na kisingizio.

Nyumbani Mama Mukubwa aliniketisha kwenye kigoda. "Weye, nani alikufundisha ile luga?"

Nikamwambia ni yeye. Nikaleta kaye, na kwa kuwa hakujua kusoma nikamsomea neno kwa neno, mvua, njia, kuku asiyekuja. Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anajifuta kwa kikwembe, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona meno. Halafu akatulia, akanishika mkono, wake mgumu kama gome la mti.

"Mutoto wangu, hata miye siijuwe inasema nini. Inatokaka tu. Nikiwa na roho muzito, inatoka."

Niliumia, jamani. Ni kama mwalimu akuambie Kifaransa anakibahatisha. Nikamwuliza, na moresa? Akaniuliza mimi niliandika nini. Nikasema kurudi. Akasukuma kuni ndani ya moto.

"Inawezekana," akasema.

Kesho yake nilikuwa nafagia, nikasikia sauti yake uani, kavu, ya kila siku: "Keremosi ametaga." Nikatoka. Alikuwa amesimama na yai mkononi, uso hauna hata dalili ya mchezo. Mvua ilipotaka kunyesha akapiga kelele tindaraba, tukakimbilia mihogo wote wawili. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alfajiri alimwachia Mungu sehemu yake, na mchana tukaitumia sisi. Tukaongeza neno la chumvi, la chawa, la mtu anayekaa sana bila kuaga. Papa Shemasi naye tukampa lake, nalo lilikuwa kukohoa kidogo na kunyoosha shati. Jioni zetu zikabadilika, tuliongea bugali ikapoa. Nje ya uzio nilikuwa bado Baridi, sikupata rafiki hata mmoja mwaka ule wala uliofuata. Na kila wachuuzi walipotokea kwenye kona, niliacha kila kitu na kuwahesabu vichwa.

Siku mama alipokuja sikumtambua, kwa sababu alikuwa anakuja na uso. Alikuwa amenenepa, amevaa kikwembe kipya kisichotoa sauti, na mgongoni amebeba mtoto mchanga.

Mambo aliyaeleza jikoni, kwa dada yake, mimi nikichambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Amepata mume Hombo, mwenye duka dogo. Ni mtu mzuri, hapigi. Ila alimwambia tangu mwanzo kwamba anamwoa yeye, si na mizigo yake. Alisema hivyo, mizigo, halafu akanitazama na kuomba maji. Baadaye aliniita, akanipapasa kichwa, akaniambia ujumbe wa kanisa ulimfikia. "Nilisikia Mungu amesema. Nikasema nije nikuone."

Nije nikuone. Mimi mtu wa kamusi nilisikia vizuri. Hakusema kukukamata.

Nilibaki na tumaini moja. Alfajiri mama aliamka kuomba pamoja na dada yake, na nyuma ya ukuta nikamsikia yeye pia ananena. Nikachukua kaye, nikaiweka magotini. Nilijua kwamba mchana mtu mzima anaficha mambo, lakini kwa Mungu atasema anachotaka kweli, na mimi ninaijua lugha hiyo, nitaisikia ile moresa yake. Lakini sauti zake zilikuwa nyingine kabisa. Zilikuwa laini, ndefu, zimejaa li na nde, kama maji kwenye chupa. Hakuwa na tindaraba. Hakuwa na shandolo. Nilipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa mpaka kulipokucha, mtoto wake akaamka, na sikupata neno hata moja. Nilidhani nimejifunza lugha ya watu wote wa mbinguni, kumbe nilijifunza ya mwanamke mmoja.

Tulimsindikiza hadi mwisho wa shamba la mihogo. Wachuuzi walikuwa wanamngoja na mizigo yao. Mama akachuchumaa mbele yangu, akanishika mashavu kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, sitasema alikuwa anaigiza.

"Bakia na mama mukubwa," akasema. "Sasa hapa njo kwenu."

Nikaomba nimfikishe mpaka mtoni, tu mpaka mtoni. Akakubali. Ndipo nikamwona Mama Mukubwa. Alikuwa amesimama na panga lake la shambani, mdomo ameukaza, na nilijua anachokiona: mimi nikifika mtoni, nikivuka, nikimfuata dada yake bila kugeuka, kama mtoto yeyote angemfuata mama yake. Hakunizuia. Aliniuliza tu, polepole, kwa neno lile nililolipa maana mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine.

"Umoresa?"

Nikamgeukia Mama Mukubwa.

"Nimoresa," nikamwambia.

Mama akatutazama, mara yeye, mara mimi, huku akimfunga vizuri mtoto mgongoni. "Munasema nini?" akauliza. Akauliza tena. Hakuna aliyemfasiria.